Tezi za Shingo: Kinyama Kimoja, Chupa Mbili

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi, na nyingi zinalia kilio kimoja: tezi za shingo zimevimba (mitoki, kama wengi wanavyoziita), kipande kimechukuliwa, kisha majibu yakarudi hayaeleweki. Jopo letu la patholojia na upasuaji linajibu.

Kijana wangu wa miaka 19 amevimba upande wa kulia wa shingo kwa miezi mitatu. Tumemaliza dozi mbili za antibayotiki. Akadungwa sindano ya kunyonya, tukalipa, tukangoja wiki mbili, karatasi ikaja imeandikwa "sampuli haitoshi". Sasa wanataka kumdunga tena. Ile ya kwanza ilienda wapi? Na majirani wananiambia ukidunga saratani unaiamsha.
*Mama, Manyatta, Kisumu*

Pole, mama. "Haitoshi" haisemi kwamba kijana ni mzima wala kwamba ana saratani. Inasema aliyetazama hadubini hakuona seli za tezi za kutosha kutamka lolote.

Sindano inayotumika ni nyembamba, namba 23 yenye kitako cha buluu au namba 25 yenye kitako cha rangi ya chungwa, kwenye bomba la mililita 10. Ngozi hupanguswa kwa spiriti, tezi hubanwa kati ya vidole viwili isiteleze, sindano inaingia, pistoni inavutwa kidogo, mililita 2 au 3, halafu ncha inakwenda mbele na nyuma ndani ya tezi mara 10 hadi 20, harakaharaka. Kosa la kwanza huja hapa. Pistoni lazima iachiliwe irudi kabla sindano haijatoka shingoni. Ikitolewa ingali inavuta, hewa huingia kwa kishindo na kile kidogo kilichopatikana, ambacho mara nyingi hakifiki hata tone zima, hupaa hadi kwenye kuta za bomba na kukauka huko. Kinachotafutwa hukaa ndani ya sindano. Bomba likianza kujaa damu, kazi imeharibika, kwa sababu damu huzizamisha seli.

Kosa la pili hutokea mezani. Tone hutandazwa kwenye slaidi, jembamba kama utando. Slaidi za kupakwa rangi ya Papanicolaou hutumbukizwa kwenye alkoholi ya asilimia 95 papo hapo, zingali mbichi; kwa joto la Kisumu mchana, utando huo unakauka kabla mtu hajamaliza kufungua kifuniko cha chupa. Slaidi za kupakwa rangi ya Giemsa nazo huachwa zikauke hewani kwanza. Anayechelewesha zile za kwanza hupata seli zilizotanuka na viini visivyosomeka, na msomaji mwaminifu huandika tu "haitoshi".

Zipo sababu za tezi yenyewe. Tezi iliyooza katikati hutoa usaha na seli zilizokufa ukiidunga kiini. Ncha ielekezwe ukingoni. Iliyojaa makovu haitoi kitu. Ndogo iliyo chini sana hukoswa, na hiyo hudungwa kwa kuongozwa na picha ya ultrasaundi.

Kwa hiyo mkubali kudungwa tena, ila muombe mambo matatu. Wadunge mara mbili hadi nne katika kikao hicho hicho, sehemu tofauti za tezi. Slaidi moja itazamwe kijana akiwa bado hapo, kama kuna mtu wa kuitazama. Na mabaki yaliyomo kwenye sindano yasuuzwe ndani ya chupa safi yenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, yapelekwe kwenye mashine ya GeneXpert, inayotafuta DNA ya bakteria wa kifua kikuu. Kwa kijana wa umri wake upande huu wa nchi, kifua kikuu cha tezi ndicho cha kwanza kwenye orodha, hata kama hakohoi. Apimwe na VVU siku hiyo hiyo, maana jibu hilo hubadilisha namna kila kitu kingine kinavyosomwa. Ya pili nayo ikikosa, msikubali ya tatu. Hapo ni kutoa tezi nzima au kipande chake kwa sindano nene.

Kuhusu kuamsha saratani: kwa sindano nyembamba kiasi hicho, saratani kusambaa kupitia tundu lake ni jambo la nadra mno. Kuchelewa kwa miezi kunaua zaidi.

Wenye watoto wadogo wasikimbilie sindano. Mtoto mwenye mapunye kichwani akiwa na vitezi laini nyuma ya shingo, tibu mapunye. Jino bovu likiwa upande ule ule wa uvimbe, anza na jino. Tezi inayopita sentimita moja na isiyorudi baada ya wiki nne hadi sita bila sababu ya karibu, hiyo sasa ni ya kuchukuliwa sampuli. Iliyo juu tu ya mfupa wa mtulinga haina kusubiri, hata ikiwa ndogo.

Nilimtoa mgonjwa tezi nzima ya shingo, nikaiweka kwenye fomalini, nikaandika kwenye fomu: histolojia (kinyama kisomwe kwa hadubini), GeneXpert na kuotesha vijidudu. Maabara ya rufaa imefanya histolojia tu, mengine wamekataa. Je, ni uvivu?
*Tabibu, kaunti ya Bungoma*

La, tabibu, wako sahihi. Fomalini huua bakteria, kwa hiyo hakuna cha kuota. Tena hufunga protini na kuikatakata DNA vipande vifupi, na GeneXpert haikutengenezwa kwa sampuli ya namna hiyo. Kosa hili tunaliona kuliko mengine yote kwenye tezi za shingo, na linatokana na mazoea: chupa ya fomalini ndiyo iliyo karibu na mkono.

Fanya hivi mara nyingine. Kabla ya kisu, weka chupa mbili mezani. Tezi ikitoka, ipokee kwenye shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Shashi kavu hunyonya unyevu na kuharibu kingo. Usiibane kwa kibanio chenye meno. Seli za limfu ni laini, zikifinywa zinakuwa michirizi ya wino na hakuna atakayeweza kutenganisha limfoma (saratani ya seli za limfu) na uvimbe wa kawaida. Ikate kwa wembe mpya wa upasuaji, ukivuka urefu wake, vipande vya milimita 2 hadi 3.

Kipande cha kwanza kiende kwenye chupa tasa yenye maji ya chumvi kidogo, ya kukifunika tu. Hiki ni cha GeneXpert na kuotesha. Kisipopelekwa mara moja kikae kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kisigandishwe. Ukikutana na usaha, uvute kwa sindano uuweke kwenye chupa, wala usitume pamba iliyochovywa, kwa sababu pamba hushika kidogo na kuachia kidogo zaidi.

Kabla ya fomalini, chukua kipande kingine, gusisha uso uliokatwa kwenye slaidi mbili au tatu. Gusa tu, usisugue. Slaidi hizo zinaweza kusomwa leo.

Kilichobaki, ambacho kiwe sehemu kubwa, kitie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa tindikali, ujazo wake angalau mara kumi ya kinyama. Tezi ya mililita 3 inataka mililita 30. Fomalini hupenya kama milimita moja kwa saa. Tezi nzima isiyokatwa, ukubwa wa yai la kuku, itakuwa ngumu nje na ndani inaoza huku lebo ikiwa safi kabisa. Wapo wanaomimina ile kali ya dukani bila kuichanganya wakidhani itafanya kazi haraka. Inafanya ganda, basi. Sehemu moja ya ile kali kwa tisa za maji yaliyosawazishwa, hicho ndicho kipimo. Na chupa iwe ya mdomo mpana, kwani kinyama kilichosukumizwa kwenye kichupa cha dawa kinakakamaa humo na hakitoki bila kuvunja chupa.

Lebo ibandikwe ubavuni mwa chupa, sio kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana. Kwenye fomu andika umri, upande na mahali pa tezi, imevimba tangu lini, hali ya VVU, na dawa alizotumia, hasa predinisoloni (steroidi) na levofloksasini (antibayotiki). Predinisoloni huyeyusha limfoma kwa muda na kumdanganya msomaji. Levofloksasini huwakandamiza bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza.

Kwa mgonjwa wako wa sasa: omba vipande vya kinyama kilichogandishwa kwenye nta vipakwe rangi ya Ziehl-Neelsen, inayoonyesha bakteria wa kifua kikuu, na kama shingo yake ina tezi nyingine, idunge sindano nyembamba upeleke hiyo kwenye GeneXpert. Hakuna haja ya kumrudisha chumba cha upasuaji.

Karatasi yangu inasema "uvimbe wa chembe wenye kuoza katikati, bakteria wa kifua kikuu hawakuonekana". Bado nimeanzishiwa dawa za miezi sita. Si hapo wananibahatishia?
*Mwendesha boda boda, Njoro, Nakuru*

Ndugu, swali zuri, na jibu liko kwenye hesabu. Ili bakteria waonekane kwenye hadubini kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, wanatakiwa wawe kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ya sampuli. Ndani ya tezi mara nyingi hawafiki hapo, kwa kuwa mwili umeshawazingira. Huo mzingiro ndio "uvimbe wa chembe": seli za kinga zimejipanga duara, baadhi zimeungana kuwa jitu moja lenye viini vingi vilivyojipanga kama kiatu cha farasi, na katikati pameoza pakawa peupe, panamumunyika kama maziwa lala yaliyochujwa maji. Tezi ikikatwa, uoza huo unaonekana hata kwa macho.

Mchoro huo una wenzake. Fangasi wanaweza kuuchora, ugonjwa wa mikwaruzo ya paka pia, na saratani fulani nazo huwa na chembe za namna hiyo pembeni. Ila katika nchi yenye kifua kikuu kingi, chembe pamoja na uoza wa namna hiyo vinatosha kuanza dawa, ambazo katika vituo vya umma ni bure. Tungependa tu uulize kama sampuli yako ilipitia GeneXpert. Kaseti yake ya kisasa, ile ya Ultra, hunasa bakteria wapatao 16 kwa mililita, jibu hutoka chini ya saa mbili, na inaonyesha pia kama rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, itafanya kazi. Kwa sampuli ya tezi, hata jibu la "kiasi kidogo mno" huhesabiwa kuwa kifua kikuu, ingawa kiasi hicho hakitoshi kusema chochote kuhusu rifampisini. Kuotesha huchukua hadi siku 42 kwenye mashine, lakini ndiko kunakopima dawa moja moja.

Mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, picha hugeuka: mzingiro haujengeki vizuri, wakati mwingine haupo, na bakteria wamejaa tele. Karatasi yake inaweza kusema "hakuna chembe" ilhali Ziehl-Neelsen imejaa vijiti vyekundu.

Tezi yako ikilainika, usimruhusu mtu aitumbue kwa wembe kama jipu. Itabaki tundu linalotiririka kwa miezi. Usaha ukizidi, huvutwa kwa sindano inayoingilia kwenye ngozi nzima kando ya uvimbe.

Baba ana miaka 63, amevuta sigara maisha yake yote. Ana tezi moja ngumu kama jiwe chini ya taya, sauti imekwaruza. Hospitali moja inataka kuitoa kesho.
*Binti yake, Port Victoria, Busia*

Aahirishe kesho. Kwa mzee wa namna hii, tezi hutanguliwa na koo: mtaalamu wa masikio, pua na koo atazame mdomo, shina la ulimi, nyuma ya pua na zoloto, kisha sindano nyembamba kwenye tezi. Saratani ya koo ikipasuliwa kupitia tezi kwanza, upasuaji na mionzi inayofuata huwa migumu zaidi. Sindano hapa huwa inatosha, kwa sababu seli za ngozi ya koo hazina kazi ndani ya tezi. Zikionekana hata chache, zimehamia.

Na siku mtu yeyote atakapotolewa tezi ya upande wa nyuma wa shingo, amuulize daktari kuhusu mshipa wa fahamu unaoinua bega. Unapita juujuu mno pale. Ukikatwa, bega linalala na mkono haupandi kuchana nywele.

Mwanafunzi wangu wa miaka saba amevimba taya la kulia na chini yake shingoni. Kwa wiki mbili uvimbe umekua maradufu, meno yanalegea; moja liling'olewa na hali ikazidi. Kinyama kimechukuliwa, mzazi ameambiwa arudi baada ya mwezi.
*Mwalimu, Ugunja, Siaya*

Mwalimu, mwezi ni mrefu mno. Mwambie mzazi aende wiki hii.

Uvimbe wa taya unaokua kwa siku, kwa mtoto wa ukanda wa ziwa, ni limfoma ya Burkitt mpaka ithibitishwe vingine. Daktari Denis Burkitt aliuelezea mwaka 1958 akiwa Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo leo vina jina la wawili kati yao. Unafuata maeneo yenye malaria nyingi, ndiyo maana Siaya na majirani zake wanaujua. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Habari njema ni kwamba dawa huuyeyusha kwa kasi hiyo hiyo, na watoto wengi wanaofika mapema hupona.

Kwa ugonjwa huu sindano nyembamba ina thamani kubwa, maana slaidi ya Giemsa inaweza kusomwa ndani ya saa moja. Msomaji huona seli zinazofanana kama punje za wimbi, zenye ukingo wa buluu nzito na vitundu vyeupe, na katikati yao seli kubwa za rangi hafifu zinazokula maiti za wenzao. Kwenye kinyama picha hiyo hufanana na anga ya usiku yenye nyota. Rangi maalumu za kingamwili huja baadaye kufunga hoja: CD20, CD10 na BCL6 zinashika, BCL2 haishiki, na Ki-67, inayohesabu seli zinazogawanyika, inakaribia asilimia 100.

Aende hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga Kisumu, au Moi mjini Eldoret. Abebe namba ya maabara ya kinyama kilichochukuliwa. Asipewe predinisoloni ya zahanati "kupunguza uvimbe": itapungua kweli, jibu litapotea, na seli nyingi zikifa kwa mpigo figo za mtoto zinaweza kuziba. Hospitalini hupewa maji ya mshipani kwanza ndipo dawa.

Niko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu cha tezi. Tezi mbili zimekua kubwa zaidi na jasho la usiku limerudi. Kliniki wanasema nivumilie.
*Mfanyabiashara wa soko, Nakuru mjini*

Dada, wanaweza kuwa sahihi. Tezi za kifua kikuu huvimba upya wakati wa matibabu kwa baadhi ya wagonjwa, kinga ikigombana na mabaki ya bakteria waliokufa. Walioanza dawa za VVU karibuni ndio zaidi. Ila kuna mambo mengine mawili ya kuondoa kwanza: bakteria sugu, na limfoma iliyosomwa kimakosa au inayoishi pamoja na kifua kikuu. Homa, jasho la usiku na kukonda ni vya yote mawili.

Kurudia GeneXpert peke yake kutakuchanganya, maana mashine inaona DNA ya maiti pia na inaweza kusema "ipo" ilhali dawa zinafanya kazi vizuri. Kinachotakiwa ni kuotesha, kwa sababu waliokufa hawaoti, pamoja na tezi nzima kwa histolojia. Ichaguliwe iliyo kubwa zaidi, hata kama iliyo rahisi kufikiwa ni nyingine.

Nzima, kwa nini? Katika limfoma ya Hodgkin seli mbaya ni chache kabisa, zimetapakaa kwenye umati wa seli za kawaida. Sindano inaweza kuchota umati tu. Seli hizo kubwa, zenye viini viwili vinavyokodoa kama macho ya bundi, hushika rangi za CD30 na CD15 wala hazishiki CD45. Limfoma za aina nyingine zinatambuliwa kwa namna seli zilivyopangana, na mpangilio huo hauji kwenye sindano.

Kabla ya kukatwa tena, ulizia kile kinyama cha kwanza. Maabara huhifadhi kitofali cha nta chenye kinyama chako ndani, pamoja na slaidi zake. Unaweza kuandika ombi kupitia daktari wako, ukiwa na namba ya maabara na tarehe, kitofali kikatwe upya na kupakwa rangi hizo, au kipelekwe maabara nyingine kusomwa na jicho la pili. Hakihitaji friji wala barafu. Kifunge kwenye karatasi, ukitie kwenye kijaluba kigumu, usikiache juu ya dashibodi ya matatu juani, kwa sababu nta yake huyeyuka karibu nyuzi 60.